Harufu ya Jiki

Jumatatu, 10 Machi

Mwalimu Murugi amenipatia hii shajara leo asubuhi. Alipewa na sacco yake na hana kazi nayo. Amesema, Kingori, kila siku uandike maji iko namna gani, nimechoka kukuuliza na wewe unanijibu iko sawa tu.

Basi naandika. Maji iko sawa tu.

Lakini ukurasa ni mkubwa, wacha niongeze. Pool hii ya kuogelea ni ya marehemu mume wake. Aliichimba nyuma ya nyumba hapa Gatitu watoto wakiwa wadogo, watu wakamcheka, ati nani ataingia maji baridi hivyo. Watoto wakaenda ng'ambo, mzee akaenda mbele za haki, pool ikabaki na majani na vyura. Halafu Mwalimu akafanyiwa operesheni ya nyonga, daktari akamwambia dawa yake ni kutembea ndani ya maji kila siku jua likitoka. Hapo ndipo mimi nilitolewa kwa maua nikaambiwa nijue klorini. Maxwel wa duka ya dawa za pool huko mjini alinifundisha nusu saa, akanipa karatasi moja na kachupa ya kupima. Unachota maji, unaweka matone, inageuka rangi. Ikiwa manjano, asidi imezidi. Ikiwa nyekundu sana, asidi imekosa. Inatakikana rangi ya chungwa iliyoiva. Leo imekuwa chungwa.

Barnabas wa geti amepita akauliza vile huuliza kila asubuhi, "Daktari, mgonjwa ameamkaje?" Mimi ndio daktari, pool ndio mgonjwa. Nimemwambia ameamka vizuri.

Jumanne, 11 Machi

Jua. Maji imeshuka kidogo. Nimeongeza kutoka kwa tangi.

Alhamisi, 13 Machi

Jua kali. Maji imeshuka tena, imeacha mstari wa taili za bluu juu kabisa. Nimeongeza. Nimemwambia Mwalimu ni jua inakunywa.

Wamae, jirani wa chini, ako na nyasi za napia karibu na ua wetu. Kila mahali imekauka lakini hapo upande wa kwetu ni kijani kabisa, unaweza kufikiri ni Julai. Nimemsifu kwa mbolea. Amesema ng'ombe wake wanajua kazi.

Jumapili, 16 Machi

Kanisa. Nilisimama nikatoa ushuhuda, nikashukuru Mungu kwa kazi ambayo hainichafui. Wakiuru, bibi yangu, ameniambia tukirudi kwamba nilisema kwa urefu sana.

Jumatano, 19 Machi

Maji imeshuka tena, na tangi iko karibu kuisha kwa sababu maji ya mjini inakuja mara mbili tu kwa wiki. Mwalimu alikuja na fimbo yake akasimama kwa ukingo akaangalia mstari wa taili. Hakunigombeza. Alisema tu, "Kingori, maji haina miguu."

Nimetembea na hayo maneno siku nzima. Kama maji haina miguu, basi imebebwa. Na kama haijabebwa, basi kuna kitu mimi sijui na ninalipwa kukijua. Nimeona afadhali iwe imebebwa.

Ijumaa, 21 Machi

Nimegundua.

Barnabas na bibi yake Nekoye wanakaa kwa kile chumba cha wafanyikazi nyuma ya geti. Ni watu wa Bungoma, si wa huku kwetu. Nekoye anafulia watu nguo, walimu wa hapa Gatitu na mapolisi wa Kiganjo. Siku hizi kamba zake zimejaa, shuka nyeupe mpaka kwa ua. Mwenyewe nilikuwa nashangaa anatoa wapi maji ya kufua hizo zote wakati sisi wote tunapimiana na ndoo.

Leo nilipita katikati ya hizo shuka nikitoka kwa pampu. Upepo ukazipiga kwa uso wangu. Harufu ni ya pool. Nasema ni ya pool, siwezi kukosea, mimi naamka na hiyo harufu kwa vidole na nalala nayo. Nikaangalia beseni yake, ikanuka hivyo hivyo.

Sijasema kitu bado. Lakini roho yangu imepumzika kidogo, nisidanganye.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua ya kwanza, ya radi. Maua ya Wakiuru yote yamelala chini.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeambia Mwalimu.

Nilimkuta akikunywa uji kwa veranda. Nikamwambia maji yake iko kwa kamba ya Nekoye. Hakuamini. Barnabas amekaa kwa geti yake miaka, na yeye mwenyewe Mwalimu ndiye alikuwa amemwahidi kazi ya askari kwa ile shule ya wasichana ako kwa bodi, upande wa Kiganjo, kazi ya kuandikwa na nyumba ndani. Interview ni baada ya Pasaka. Akasema, "Una hakika?" Nikasema, "Twende unuse."

Tukaenda. Ilikuwa saa ya maziwa, Wamae alikuwa kwa geti na debe zake, na akina mama wawili watatu wakipimiwa. Nekoye alikuwa ameinama kwa beseni. Nikamshika mkono. Sikumuuliza. Niliushika tu ukiwa na povu nikauinua mpaka kwa pua ya Mwalimu.

Nikasema, "Nusa, Mwalimu. Hii ni pool yako."

Mwalimu akanusa.

Nekoye akasema, "Hii ni jiki, Mwalimu. Naweka jiki kwa shuka za watu ziwe nyeupe." Alisema polepole, kama mtu anaeleza mtoto.

Mimi nikasema jiki naijua na klorini naijua, na mtu aliyesomea ni mimi. Nikaongeza kwamba hawa watu ukiwapa chumba watataka na kisima. Nilisema "hawa watu". Akina mama wa maziwa wakaangalia chini. Barnabas alikuwa amesimama na ufunguo wa geti kwa mkono. Hakuniita daktari. Alisema, "Mzee Kingori, hivyo ndivyo umesema?"

Nikasema ndiyo.

Mwalimu amewapa mpaka mwisho wa wiki wawe wametoka. Na ile kazi ya shule amesema hawezi kuweka jina lake kwa mtu kama huyo.

Nimefanya kazi yangu. Mgonjwa akitolewa damu, daktari anatafuta mdudu. Hata hivyo chakula haikushuka leo.

Jumamosi, 29 Machi

Wameenda. Pikapu ya mtu wa Kiganjo ilikuja kubeba vitu. Godoro, meza, zile beseni. Nekoye alifagia chumba kabla ya kufunga mlango, nikashangaa mtu anafagia nyumba anafukuzwa. Barnabas aliniwekea ufunguo wa geti kwa ukuta, hakuniwekea kwa mkono.

Mvua imenyesha mchana wote.

Jumatatu, 31 Machi

Maji haijashuka.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Maji haijashuka. Imepanda hata. Nimeambia Mwalimu, unaona? Mwizi akienda, maji inakaa. Ametikisa kichwa tu.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Maji imejaa mpaka kwa taili za juu. Lakini imegeuka, iko na rangi kama ya supu ya mboga. Mvua inaosha dawa yote. Matone imekuwa manjano. Nimeweka magadi ya pool, nikaweka klorini, nikasugua ngazi.

Nimekaa kwa geti mwenyewe leo kwa sababu bado hatujapata askari. Hakuna mtu wa kuuliza mgonjwa ameamkaje.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua.

Jumanne, 8 Aprili

Jua limetoka tangu Jumapili, jua tupu, na barabara imeanza kukauka. Mwalimu ameingia maji mara mbili. Na maji imeshuka.

Nimesema ni jua. Nimejiambia mimi mwenyewe kwa sauti, ni jua. Lakini jua gani hii ya Aprili inakunywa taili nzima?

Jumatano, 9 Aprili

Imeshuka tena. Sijaandika kwa ile karatasi ya jikoni ambayo Mwalimu husoma vipimo, nimeandika hapa tu. Nimepigia Maxwel simu nikamwuliza kama jua inaweza. Amecheka. Ameniambia, Mzee, chukua ndoo, ijaze maji ya pool, iweke kwa ngazi ya kwanza, maji ya ndani iwe sawa na ya nje. Zima pampu. Weka alama ndani na nje. Jua likikunywa litakunywa zote mbili, mvua ikinyesha itanyesha kwa zote mbili. Kesho angalia. Ikiwa pool imeshuka kuliko ndoo, hiyo si jua na si mtu. Ni ufa.

Nilimwuliza tu kwa kupita, kama jiki na klorini ya pool zinanuka tofauti. Akaniambia, "Tofauti gani Mzee? Ni kitu kimoja. Moja ni ya chupa na moja ni ya ndoo."

Nikamwambia asante. Nimekaa kwa ukingo nikiwa na simu kwa mkono.

Nimeweka ndoo.

Alhamisi, 10 Aprili

Ndoo imebaki karibu pale pale. Pool imeshuka upana wa vidole vitatu.

Ijumaa, 11 Aprili

Leo nitaandika mpaka mkono ukatae.

Nilichukua rangi nyekundu ya keki kutoka kwa kabati ya Wakiuru, na ile bomba ya sindano tunatumia kwa kuku. Mwalimu alikuwa ameenda kliniki. Nikaingia maji mpaka kifua, maji ilikuwa baridi ya kukata, nikangoja itulie kabisa. Maxwel alisema usipumue hata. Unafinya rangi kidogo karibu na mahali unashuku. Kama hakuna kitu, rangi inakaa tu hapo kama moshi wa mtu mvivu. Kama kuna ufa, rangi inavutwa.

Nilianza kwa mlango wa filta. Ikakaa. Nikaenda kwa paipu za kurudisha maji. Ikakaa. Kwa shimo la chini sikuweza kufika. Halafu nikaenda kwa taa, ile ya ukuta upande wa chini, upande wa kwa Wamae.

Nikafinya. Rangi ikasimama kidogo kama inafikiria. Halafu ikaingia. Ikawa kama uzi mwekundu, ikaingia kwa simiti kando ya taa, ikaenda. Nikafinya tena, ikaenda tena. Nilifinya mpaka rangi ikaisha, na ukuta ukakunywa yote.

Sasa niandike ile kitu.

Januari, kabla wajukuu wa Mwalimu waje, kulikuwa na alama nyeusi kuzunguka hiyo taa na kwa ngazi. Nilishusha maji nikasugua na asidi. Karatasi ya Maxwel inasema uchanganye asidi na maji mengi. Sikuchanganya. Niliimwaga vile ilivyo kwa brashi, ikatoa povu kwa simiti, ikachemka shh, na alama ikatoka mara moja, na mimi nikafurahi. Niliona ni uchafu unatoka. Kumbe ni simiti.

Na si hiyo peke yake. Nilipompigia Maxwel simu tena ameniambia kitu ingine. Maji yetu hii ya mlima iko na njaa, ndio neno alitumia. Imetoka kwa mawe na barafu, haina kalsiamu ndani, na maji isiyo na kalsiamu inatafuta ya kula, na karibu yake hakuna chakula ingine isipokuwa simiti ya pool. Ndio maana wanauza kile kiroba cha kalsiamu, uilishe isikule nyumba yake. Kiroba niko nacho. Iko kwa stoo tangu mwaka jana, haijafunguliwa. Nilikuwa naona maji yangu inang'aa kama kioo na ninajivuna. Ilikuwa inang'aa na inakula.

Kwa hivyo mimi nilifungua mlango na asidi, na maji ikaupanua. Na ilikuwa inaenda wapi? Nimetoka nikiwa nimelowa nikaenda kwa ua. Napia za Wamae. Kijani tangu Machi, tangu kabla mvua. Nilisimama hapo nikasifu mbolea.

Na mvua ilipoanza, ikajaza kile kinachotoka. Wiki ile niliambia Mwalimu mwizi akienda maji inakaa, ilikuwa ni mbingu inamwaga na shimo langu linatoa, na mimi naita hiyo ushahidi.

Nekoye aliniambia ni jiki. Alisema mara moja, polepole. Chupa ilikuwa hapo kando ya beseni, nyeupe na kifuniko ya bluu. Niliiona. Hiyo ndiyo siwezi kujiandikia vizuri. Niliiona, na nikasema mtu aliyesomea ni mimi.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua imerudi. Pool inajaa. Hakuna mtu anaweza kujua.

Jumapili, 13 Aprili

Kanisani sikusimama.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Sijasema.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua. Nimesema nitasema baada ya kurekebisha ufa, ndio nimpelekee Mwalimu habari mbaya na nzuri pamoja. Lakini huwezi kurekebisha na hii mvua. Kwa hivyo sijasema.

Mwalimu ametaja askari wa shule. Ati wamepata majina matatu, na interview ni Ijumaa ya baada ya Pasaka. Nilikuwa nabeba ndoo. Nikaendelea kubeba.

Alhamisi, 17 Aprili

Leo ni ushirika. Kwetu, tangu wazazi wetu, wale waliookoka tunakutana Alhamisi na kila mtu anaweka mambo yake kwa mwanga, hata kama ni kuchukia jirani, hata kama ni uwongo wa bei ya viazi. Unasimama, unasema, ndugu wanakuimbia, mzigo unashuka.

Nilisimama. Nikasema nilisingizia mtu asiye na hatia kwa sababu ya kiburi cha kazi yangu. Mzee Waweru akaanza wimbo hata kabla nimalize. Waliimba, wakanishika mikono, dada mmoja akalia. Nilitoka hapo nikiwa mwepesi kama mtoto aliyeogeshwa. Kwa mara ya kwanza nilikula nikashiba.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Wakiuru alikuwa kwa ushirika jana pia, upande wa akina mama. Hakusema kitu tukirudi. Leo alikuwa anachagua maharagwe, mimi nilikuwa namwambia vile Mungu ni mwema na vile nimelala.

Akasema, bila kuinua kichwa, "Baba Tabby, umeambia watu wote isipokuwa yeye."

Nikamwambia nimetubu mbele ya ndugu.

Akasema, "Hao ndugu ndio ulishika mkono?"

Aliendelea na maharagwe. Mawe upande huu, maharagwe upande huu. Nilikaa hapo mpaka akamaliza debe lote.

Pasaka, 20 Aprili

Mvua. Tabby, mtoto wetu, alipiga simu kutoka Kutus kutusalimia. Aliuliza pool iko aje. Nikasema iko sawa tu.

Jumanne, 22 Aprili

Nimemwambia Mwalimu.

Nilimwonyesha kwanza. Mvua ilipumzika asubuhi, nikazima pampu, nikamwomba akae kwa kiti kwa ukingo, nikaingia na rangi. Nikafinya hapo kwa taa. Akaona uzi mwekundu ukiingia kwa ukuta. Hakuuliza ni nini. Ni mwalimu, aliona tu vile mimi sikuweza kuangalia uso wake.

Nikamwambia yote nikiwa ndani ya maji. Asidi, kiroba cha kalsiamu, Maxwel, jiki, ile chupa.

Nilikuwa nangoja anifukuze, nilikuwa hata nimeweka kabuti yangu karibu na geti. Mwishowe akasema, "Na mimi nilinusa, Kingori. Niko na mashine ya kufua, na niko na jiki kwa bafu yangu. Nilinusa ile harufu na nikakubali iwe ya pool."

Akashika fimbo akainuka.

"Ile ya shule nitaenda kusema mimi. Nitampigia mwenyekiti leo. Ile ya geti siwezi kukusemea."

Nikamwuliza kama niendelee na kazi. Akasema aliyetoboa ndiye atakayeziba, na nitoke kwa maji kabla nishikwe na nimonia.

Jumatano, 23 Aprili

Nimeenda Kiganjo.

Niliuliza kwa maduka, nikaonyeshwa. Ni chumba kimoja cha mabati nyuma ya bucha. Nekoye alikuwa anafua nje chini ya karatasi ya nailoni kwa sababu ya manyunyu. Alinitazama, akaendelea. Barnabas akatoka. Hakunikaribisha kwa nyumba, na hakuniambia nitoke. Tulisimama tu kwa mlango, mimi nikinyeshewa mgongo.

Nilisema. Nilikuwa nimepanga maneno njiani lakini yalikuja vile yalitaka. Nilimwambia hakuna mtu alichota maji. Nilimwambia nani alitoboa. Nilimwambia niliona chupa ya jiki.

Akauliza, "Umeambia nani kwanza?"

"Watu wa ushirika."

"Lini?"

"Alhamisi iliyopita."

"Wakasemaje?"

Sikutaka kujibu hiyo. Nikajibu. "Waliimba."

Barnabas akacheka. Si kicheko kibaya, ni kile cha mtu amesikia kitu hata yeye hangeweza kutunga. Akamgeukia bibi yake. "Mama, umesikia? Waliimba."

Nekoye akakamua shuka. "Wimbo ulikuwa mzuri?" aliniuliza.

Nikasema sijui. Nikasema pole. Nilisema pole mara nyingi mpaka Barnabas akainua mkono.

"Mzee Kingori, mimi sina shida na pole yako. Nitaiweka. Lakini wakati wa saa ya maziwa Wamae alikuwa, na mama wa duka alikuwa, na yule wa kuuza nyanya. Mpaka huku Kiganjo watu wawili walichukua nguo zao kwa bibi yangu, ati wamesikia. Hukusema kwa ushirika kwamba mimi ni mwizi. Ulisema kwa geti. Rudia kwa geti."

Nikasema nitarudia.

"Kesho. Saa ile ile."

Nikamwambia Mwalimu ameongea na shule, jina limerudishwa. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anapokea kitu chake.

Alhamisi, 24 Aprili

Saa ya maziwa. Mvua ndogo, ile ya kulowesha bila kelele.

Walikuja wote wawili. Nekoye alikuwa amebeba beseni kwa kichwa kutoka huko kwake, nikafikiri anaenda kwa mteja. Wamae alikuwa na debe zake. Akina mama walikuwepo, na kwa sababu Mwalimu alikuwa ametoka na mwavuli mpaka kwa geti, wengine wawili wakasimama kuona ni nini.

Nikasema kwamba maji ya Mwalimu haikuibwa. Nikasema mimi ndiye niliharibu pool kwa kutojua, na nikamsingizia Barnabas na bibi yake kwa kutotaka ijulikane kwamba sijui. Nikasema nilisema "hawa watu", na hiyo pia naitoa. Wamae akasema, "Kumbe ng'ombe zangu zilikuwa zinanyweshwa klorini," na watu wakacheka kidogo, na mimi nikashukuru.

Nilidhani imeisha. Nekoye akaweka beseni chini. Ilikuwa na maji na shuka moja. Akaingiza mkono, akausogeza mpaka kwa pua yangu.

"Nusa."

Nikanusa.

"Ni nini?"

"Ni jiki."

"Sema kwa nguvu. Mama wa nyanya hajasikia."

"Ni jiki," nikasema. "Ni jiki."

Mkono wake ulibaki hapo. Ulikuwa umepasuka kwa vidole, ngozi nyeupe kwa ncha. Yangu iko hivyo hivyo. Sikuwa nimewahi kuona hiyo, kwamba mikono yetu imeliwa na kitu kimoja.

Akapangusa kwa leso yake. Akasema, "Haya. Nenda ufanye kazi, maji yako inaisha." Akainua beseni, wakaenda.

Barnabas hakuniaga. Lakini alipitisha kidole kwa geti akipita, vile mtu anagusa ng'ombe amemlea mwenyewe.

Jumatatu, 5 Mei

Barnabas amechukuliwa na shule. Mwalimu ameniambia akipita, kama mtu anataja hali ya hewa. Wamepewa nyumba ya ndani, ya mawe.

Mvua.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua imepunguka. Tumeshusha maji mpaka chini ya taa. Nilichokora simiti mbovu kwa patasi, iliyooza ilitoka kama ugali wa jana, nikaenda mpaka nikapata ngumu. Nimejaza na ile simiti inayoshika hata ndani ya maji. Mwalimu aliketi kwa kiti akiangalia. Aliniuliza mara tatu kama nimesoma maagizo. Nilimsomea kwa sauti.

Jumanne, 20 Mei

Tumejaza. Nimefungua kiroba cha kalsiamu. Nimekoroga kwa ndoo, ikawa moto kwa mkono, nikaimwaga polepole nikizunguka ukingo. Kula, nikaiambia. Kula hii.

Jumapili, 25 Mei

Kanisani Mzee Waweru aliniuliza kama niko na ushuhuda. Nikamwambia leo sina.

Jumatatu, 2 Juni

Baridi. Ukungu mpaka saa nne. Nimeweka ndoo kwa ngazi.

Jumamosi, 7 Juni

Ndoo na pool ziko sawa, alama kwa alama. Nimeziangalia nikiwa nimepiga magoti, kwanza upande huu halafu upande ule. Matone ni chungwa. Napia za Wamae upande wa kwetu zimeanza kufanana na zingine, na amenilaumu.

Mwalimu ataingia maji jua likitoka, kama litatoka.

Nikaenda kwa geti kufungulia mtu wa maziwa. Kile kibanda cha askari bado hakina mtu, kiti chake iko hapo, imegeuzwa isinyeshewe. Nilisimama kando yake. Nikasema kwa sauti, "Ameamka vizuri."

Halafu nikafungua geti.